Haki ya Samaki Asiyeliwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba vya nchi kavu na vya baharini, vionekanavyo na visivyoonekana. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, liko suala ambalo watu wengi huliona dogo, na ndani yake mna jambo kubwa. Nalo ni hili: kiumbe asiyemfaa mtu kwa lolote, ambaye haliwi, wala hauzwi, wala haonekani, je, ana haki yoyote juu ya mtu? Na ikiwa anayo, haki hiyo ni juu ya nani? Ni juu ya mvuvi wa Tanga peke yake, ambaye hukutana na kiumbe huyo ndani ya nyavu zake, au ni juu ya kila mtu, hata yule akaaye Nyololo, huko Mufindi katika mkoa wa Iringa, ambaye bahari kwake ni khabari ya kusimuliwa?

Suala hili halikutungwa kwa ajili ya kushindania maneno. Yuko samaki katika vilindi vya bahari ya Tanga ambaye khabari zake zalifanya suala kuwa la kweli, na jawabu lake lina uzito katika riziki za watu. Samaki huyo kwa jina lililozoeleka sasa huitwa silikanti. Mwili wake ni wa rangi ya buluu iliyoiva, una madoa meupe, na magamba yake ni magumu kama ngozi iliyokaushwa juani. Aweza kufika urefu unaokaribia mita 2. Mapezi yake mengi yameota juu ya vikonyo vya nyama mfano wa mikono, naye huyapeleka moja mbele na moja nyuma, kama mnyama anavyokwenda kwa miguu. Mchana hujificha katika mapango ya miteremko ya bahari, mahali penye giza na baridi. Usiku hutoka polepole kutafuta samaki wadogo na ngisi. Nyama yake ina mafuta mengi mabaya, humwendesha tumbo mwenye kuila, na kwa hiyo sokoni haina bei.

Wataalamu wa Ulaya walimjua samaki huyu kwanza kwa mifupa yake iliyogeuka mawe, wakasadiki kwamba jamii yake yote imekwisha tangu miaka milioni 66 au zaidi. Mwezi wa Desemba mwaka 1938 meli ya uvuvi ikampata mmoja mzima karibu na mji wa East London, Afrika ya Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji huo, akamtambua kuwa ni kitu kigeni, na Profesa J. L. B. Smith akamwandikia khabari zake mwaka 1939. Ulimwengu ukastaajabu. Wa pili hakupatikana mpaka mwaka 1952, katika kisiwa cha Nzuani, mojawapo ya visiwa vya Ngazija. Hapo ndipo wenye elimu walipofahamu ya kuwa wavuvi wa visiwa vile walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombesa, na walikuwa wakimvua kwa bahati mbaya usiku, katika mishipi yao ya kina kirefu, bila kumfurahia. Lililoitwa ajabu katika vitabu lilikuwa ni jambo la kawaida katika ngalawa za Waislamu wa Ngazija.

Katika pwani ya Kenya alipatikana mmoja Malindi mwaka 2001. Katika Tanzania alipatikana kwanza upande wa Kilwa, karibu na Songo Mnara, mwaka 2003; na tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wakaanza kuwaona, mmoja baada ya mmoja, mpaka wakafika makumi. Hawakuwa wakiwatafuta. Walitega jarife, nyavu zile za macho makubwa za kunasia papa na taa, katika maji ya kina cha mita 50 hata 150, na silikanti wakanaswa humo pamoja na papa. Kwa ajili hiyo Serikali ikaitenga sehemu ya bahari na pwani, tokea mlango wa mto Pangani mpaka kaskazini ya mji wa Tanga, urefu wa karibu kilomita 100, ikaifanya mwaka 2009 kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Eneo lake ni kilomita za mraba 552, na sehemu kubwa ya hizo ni maji.

Na ajue msomaji kwamba hatari ya samaki huyu haikuja kwa wingi wa maadui, imekuja kwa uchache wa uzazi wake. Dagaa huzaliwa na kuzaa katika muda mfupi. Ukivua wengi leo, mwakani bahari imewarudisha. Silikanti si hivyo. Uchunguzi wa magamba yake uliotangazwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba aweza kuishi karibu miaka 100, kwamba hawi mzazi mpaka afikie miaka 55 hivi, na kwamba mimba yake hukaa miaka 5. Naye hatagi mayai majini kama samaki wengi, huzaa watoto walio hai. Ikiwa ndivyo, basi silikanti wa kike aliyezaliwa mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961, hakuwa tayari kushika mimba mpaka karibu mwaka 2016. Mwenye kumtoa huyo baharini ametoa kitu ambacho umri mzima wa mwanadamu hautoshi kukirudisha.

Kuna umoja wa mataifa mbalimbali wa kuhifadhi maumbile, ulioanzishwa mwaka 1948, ambao kazi yake mojawapo ni kuwapanga viumbe katika madaraja kwa kadiri ya hatari iliyowakabili. Madaraja hayo ni tisa. Wako wasiopimwa bado. Wako ambao khabari zao ni pungufu hata hawawezi kuhukumiwa. Wako wasiotiliwa wasiwasi sana. Wako walio karibu na hatari. Wako walio dhaifu. Wako walio hatarini. Wako walio hatarini mno. Wako waliotoweka katika makazi yao ya asili na kubakia mikononi mwa watu. Na wako waliotoweka kabisa. Silikanti wa bahari hii amewekwa katika daraja la walio hatarini mno. Na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, umemtia katika orodha ya kwanza, ambayo walio ndani yake hawafanyiwi biashara kati ya nchi na nchi.

Walakini yapasa kulifahamu neno hili daraja vizuri, kwani wengi hulipotoa. Katika vilindi hivyo hivyo wamo samaki wadogo, urefu wao kama kidole, wenye vitaa vya mwanga mwilini mwao, ambao mchana hukaa chini gizani na usiku hupanda juu kula. Wengi wa aina hizo wamewekwa katika daraja la wasiotiliwa wasiwasi sana, kwa kuwa idadi yao ni kubwa na bahari yao ni pana. Mtu asiye na mazoea akisoma hayo hudhani ya kuwa yule mdogo hana thamani na silikanti ana thamani. Sivyo. Tabibu akisema ya kwamba Fulani ni mgonjwa sana na nduguye ni mzima, hakusema kuwa mgonjwa ni bora kuliko mzima, wala kwamba mzima yafaa kupigwa. Daraja huonyesha hali ya kiumbe na haraka ya kumwangalia. Ama haki yake, hiyo ilikuwapo kabla ya hesabu kuandikwa, na itakuwapo hata akiwa salama.

Sasa na zitazamwe hoja za wale wanaokataa ya kuwa samaki huyu ana haki.

Hoja ya kwanza wanasema: Mwenyezi Mungu amemfanyia mwanadamu bahari iwe nyepesi kwake, akampa vilivyomo ale na ajipambe, basi kisicholiwa wala kupambwa nacho hakina hukumu, kiwepo au kisiwepo ni mamoja. Jawabu ya hoja hii ni kwamba idhini ya kutumia si idhini ya kumaliza. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa wakfu. Mtu akiweka shamba la minazi wakfu kwa msikiti, mwangalizi ana ruhusa ya kuangua nazi, kuziuza, kununua mafuta ya taa na mikeka. Lakini hana ruhusa ya kuikata minazi. Mazao hutumiwa, asili hubakishwa. Na lau katika shamba hilo umo mti mmoja wa zamani usiozaa tunda alijualo yeye, hawezi kuukata kwa hoja ya kwamba haujui faida yake, maana shamba si lake, naye ni mwangalizi tu. Bahari nayo mwanadamu hakuifanya yeye, wala hakuwakuta samaki wake kwa jasho la baba yake. Ameikuta, ataiacha, na nyuma yake wanakuja wengine wenye haki ya kuikuta. Katika shamba hilo dagaa ni nazi, na silikanti ni mnazi.

Tena hoja hiyo inageuka juu ya msemaji wake. Ikiwa ruhusa ya kumtoa samaki majini imesimama juu ya manufaa, basi mahali pasipo manufaa ruhusa nayo haina pa kusimama. Silikanti ni halali kuliwa, kwani samaki wa baharini ni halali. Hilo halina shaka katika madhehebu ya Imamu Shafii. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wamekataza kumwua mnyama wa halali bure, pasipo nia ya kumla. Na khabari ya yule mwanamke aliyemfunga paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie inajulikana na kila mtoto wa chuoni. Paka yule hakuwa na faida ya kuandikwa. Hakutajwa kuwa alikamata panya wala kuwa alikuwa wa ukoo bora. Ilitosha kuwa alikuwa na uhai, na kuwa uhai ule ulikuwa mkononi mwa mtu.

Hoja ya pili ni ya mvuvi, nayo ina nguvu kuliko ya kwanza. Yeye husema: hakukusudiwa. Jarife lilitegwa kwa papa. Silikanti aliingia mwenyewe. Amali huhukumiwa kwa nia, na nia ilikuwa njema. Hoja hii yataka kupasuliwa, kwa sababu ndani yake yamechanganyika mambo mawili, dhambi na dhamana. Mtu aliyelala akijigeuza usingizini akavunja mtungi wa jirani hana dhambi, kwani kalamu haimwandiki aliyelala. Lakini mtungi ataulipa, kwa sababu haki ya jirani haikulala. Basi hata pale ambapo dhambi imeondoka kwa kukosekana nia, hasara yabaki kuwa ni hasara, na mwenye kuifanya anaulizwa juu ya kuitengeneza. Na katika habari ya silikanti hapana mwenye mtungi wa kuja kudai. Hana mwenyewe hapa duniani. Na hiyo ndiyo sababu ya kuwa rahisi kumdhulumu.

Kisha iko nukta ya pili, nayo ndiyo roho ya maneno haya yote. Ajali ni jambo lililotokea bila ya kujulikana kuwa litatokea. Mvuvi wa Tanga aliyemnasa silikanti mwaka 2004 hakumjua, hakumsikia, wala baba yake hakumsimulia. Huyo ana udhuru uliokamilika. Lakini baada ya makumi kunaswa, baada ya khabari kuenea katika vijiji vyote tangu Kigombe mpaka mjini, baada ya kujulikana kina anachokaa na nyavu zinazomnasa, mwenye kutega jarife mahali pale pale na kina kile kile hawezi tena kusema hakujua. Mtu akiuacha moto karibu na makuti mara ya kwanza nyumba ikaungua, watu humwonea huruma. Akirudia mahali pale pale mara ya tano, huruma ile hugeuka kuwa maulizo. Nia haitazamwi wakati wa kuvuta nyavu peke yake. Hutazamwa wakati wa kuzitupa, kwa kuwa hapo ndipo hiari ilipo.

Na wala mtu asijifariji kwa kusema: nikimkuta hai nitamrudisha majini. Kufanya hivyo ni kwema, nako ni bora kuliko kumleta pwani apigwe picha. Lakini samaki huyu amezoea baridi na giza la chini. Akipandishwa juu katika maji ya vuguvugu, naye amechoka kwa kupapatika nyavuni, mara nyingi hufa baada ya saa chache hata akiachwa. Hapana mtu aliyepata kumweka hai katika hodhi muda wa maana. Kwa hiyo wema wa kumwachia huja umechelewa, na wema uliokuwa na faida ulikuwa ni ule wa kutotega pale.

Sasa itakuwa dhulma kubwa kuishia hapo na kumbebesha mvuvi mzigo wote. Mvuvi wa jarife mara nyingi ni maskini, chombo si chake, nyavu amekopeshwa, na watoto wanangoja. Tena na aulizwe mwenye kuuliza: alifikaje kwenye maji yale ya kina? Miamba ya karibu na pwani ya Tanga, ambayo zamani ilimtosha mtu mwenye mshipi na dema, iliharibiwa miaka mingi kwa baruti. Baruti imekatazwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1970, lakini watu waliendelea kuipiga. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wachanga, huvunja matumbawe ambayo ni nyumba zao, na wengi wa waliouawa huzama bila kuokotwa. Samaki wa karibu walipopungua, mtu mwenye njaa alisogea mbali na chini zaidi. Hivyo silikanti aliyenaswa kilindini amefikwa na dhara iliyoanzia kwenye mwamba wa maji mafupi, kwa mkono wa mtu mwingine aliyetaka samaki wa siku moja. Na yule aliyenunua samaki wa baruti sokoni, akiona nyama imelegea na mifupa imevunjika, akanyamaza kwa sababu bei ilikuwa rahisi, yeye naye ana fungu lake.

Kwa hiyo hukumu ya insafu ni hii. Mwenye kumkataza mvuvi asitege mahali fulani, naye ana uwezo, ni juu yake kumfungulia mahali pengine: nyavu za namna nyingine, chombo cha kufikia maji mengine, au kazi nyingine ya halali. Kumwambia mtu maskini aache riziki yake kwa ajili ya samaki, kisha kumwacha na njaa na kumwita mharibifu, ni kumchukua mmoja aliyenyongeka na kumlipisha deni la wengi. Na kwa upande wa pili, mvuvi aliyefunguliwa njia nyingine iliyo sawa, naye akashikilia ile ya kwanza kwa ukaidi, hana hoja. Dharura humhalalishia mtu kadiri ya dharura yake, na dharura ikiondoka ruhusa nayo huondoka.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaojionyesha kuwa ni watu wa kumtegemea Mungu. Husema: samaki huyu amelindwa miaka milioni nyingi bila ya hifadhi wala askari, aliyemlinda wakati ule atamlinda na sasa, na akitaka amalizike atamalizika. Maneno haya yana sura ya imani, na ndani yake mna uvivu. Mwenye nyumba humtegemea Mungu, na usiku huufunga mlango. Mgonjwa humtegemea Mungu, na hunywa dawa. Katika miaka ile yote hapakuwa na jarife katika kilindi kile. Kilichobadilika ni kazi ya mikono ya watu, na kazi ya mikono ya watu ndiyo wanayoulizwa watu. Lau hoja hii ingekubaliwa, mwenye kumwua jirani yake naye angesema kwamba ajali yake ilikuwa imefika. Wala hapana kadhi angemsikiliza.

Limebakia suala la mtu wa mbali. Nyololo iko katika nyanda za juu, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, penye baridi na mashamba. Mtu wa huko aweza kuishi na kufa asione papa wala jarife. Yampasa nini? Wengi watasema: hapana. Wajibu, watasema, hufuata mkono, na mkono wa mtu wa Nyololo haufiki Tanga. Lakini katika milima hiyo hiyo ya Mufindi na ya jirani zake kuna kisa kinachoonyesha jinsi mkono wa mtu unavyofika mbali kuliko anavyodhani.

Mto Kihansi hukusanya maji yake katika nyanda hizo, kisha huporomoka katika genge la Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Maporomoko yale yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, na katika majani yaliyolowa kwa manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, urefu wake sentimita 2 au 3, ambaye hapakuwa na mfano wake mahali pengine popote ulimwenguni. Naye, kama silikanti, huzaa watoto walio hai. Alionekana na wataalamu mwaka 1996. Wakati huo kazi ya bwawa la umeme ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 2000 mitambo ya Kihansi ilikuwa ikifanya kazi, yenye nguvu ya megawati 180, na sehemu kubwa sana ya maji ikatolewa katika maporomoko na kupitishwa ndani ya mwamba. Manyunyu yakakatika. Mwaka huo huo vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Kule kwao ikafanywa mipira ya kunyunyiza maji kwa ufundi; idadi yao ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaanguka, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akaandikwa katika daraja la waliotoweka katika makazi yao ya asili. Waliozaliwa ugenini walirudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kuachwa tena katika genge lao, kwa gharama na kazi ambazo hazina mwisho ulio karibu.

Na atazame msomaji wa pwani. Umeme wa Kihansi haukuwekwa kwa ajili ya Mufindi peke yake; uliingizwa katika nyaya za nchi nzima, na taa iliyowashwa Tanga au Dar es Salaam ilipata fungu lake katika maji yale. Watu wa pwani waliosoma chini ya taa hizo hawakumjua chura, wala hawakumkusudia ubaya, wala hawakutoka majumbani mwao. Na bado manyunyu yake yalikatika kwa ajili ya haja zao. Umeme ni haja ya kweli, na hospitali haiendeshwi kwa kandili. Hapana mwenye akili anayesema kwamba mitambo ingeachwa kwa sababu ya chura. Lakini yafaa kusemwa kwamba aliyefaidi ana sehemu ya kulipa, na kwamba umbali haumtoi mtu katika hesabu. Ikiwa mtu wa Tanga anadaiwa na chura wa milimani, basi mtu wa Nyololo hawezi kusema kwamba hadaiwi na samaki wa kilindini. Kwani nchi ni moja, kodi yake ni moja, sheria zake ni moja, na maji mengi ya Mufindi yenyewe huteremka mpaka mto Rufiji na kuingia katika bahari hiyo hiyo.

Kisa cha chura kina funzo jingine la kuogopesha. Chura aliponyang'anywa makazi aliweza kuwekwa katika visanduku vya kioo akazaa humo, na watu wakapata nafasi ya kutengeneza walichoharibu. Silikanti hana nafasi hiyo. Hawezi kuwekwa, hawezi kufugwa, na mtoto wake atakayezaliwa leo hatakuwa mzazi mpaka wajukuu wa wasomaji hawa wawe na mvi. Akitoka kilindini hapana bustani itakayomrudisha.

Basi jawabu ya suala ni kwamba haki iko, na imegawanyika kwa kadiri ya elimu na uwezo. Mvuvi haki iliyo juu yake ni kutotega jarife katika miteremko inayojulikana, na kutoa khabari ya aliyenaswa bila kuficha. Mnunuzi, ni kukataa samaki wa baruti hata akiwa rahisi. Mwenye chombo na nyavu, ni kutomlazimisha nahodha wake kwenda mahali anapojua kuwa pamekatazwa, kisha akajitoa yeye akikamatwa mwingine. Mwenye mamlaka, ni kulinda bila kuonea, na kutanguliza riziki ya watu wa vijiji vya hifadhi kabla ya kutanguliza adhabu. Khatibu na mwalimu, ni kuwafundisha watu kwamba israfu si ya chakula na nguo tu. Na mtu wa mbali, wa Nyololo na popote, ni kutoona kwamba jambo halimhusu kwa kuwa haliko mbele ya macho yake. Akipata nafasi ya kusema aseme, na akiombwa kuchangia asikunje uso.

Wala mtu asione haya kwamba maneno haya yote yamesemwa kwa ajili ya samaki. Haki ya mwenye nguvu hulindwa na nguvu zake, na haki ya mwenye faida hulindwa na faida yake. Asiye na nguvu wala faida hana cha kumlinda ila insafu ya watu, na kwa huyo ndipo insafu hupimwa. Mtu aliyezoea kuipima kwa samaki asiyemwona hatashindwa nayo kwa yatima aliye mlangoni. Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa waangalizi wema wa walichokabidhiwa, na awape wavuvi wa pwani riziki pana ya halali. Amina.